UZI: Demani ni kamba, si shuka. Maana na matumizi ya neno moja la chombo cha tanga

Mleta uzi:

Wanajamvi, salaam.

Wiki iliyopita nilipewa kijitabu cha mafunzo ya usalama wa vyombo vya tanga, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, ili nikisome na kutoa maoni kabla hakijachapwa kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi ya bahari. Katika ukurasa unaoeleza la kufanya upepo unapochafuka ghafla nilikuta agizo hili: «Legeza shuka mara moja.» Nililisoma mara tatu. Mfasiri alikutana na neno la Kiingereza «sheet», ambalo nchi kavu lina maana ya shuka, na dukani lina maana ya karatasi, naye akachagua shuka kwa kuwa aliona tanga ni kitambaa. Baharini neno hilo halihusu kitambaa hata kidogo. Ni jina la kamba, na kamba hiyo ina jina lake la Kiswahili ambalo wazee wetu walilitumia kila siku ya maisha yao ya kazi: demani.

Nafungua uzi huu kwa sababu naamini neno hili halistahili kupotea, na kwa sababu kulipoteza kuna hatari ya kweli, si hasara ya lugha peke yake.

Tuanze na chombo chenyewe. Jahazi, mashua au ngalawa ina mlingoti, na juu ya mlingoti hupandishwa mti mrefu wa mshazari uitwao foromali, ambao ndio unaolibeba tanga kwa ukingo wake wa juu. Tanga hilo ni la pembe tatu, au lina pembe ya nne kwa ukingo mfupi sana wa upande wa mbele. Pembe yake ya chini ya mbele hufungwa kuelekea omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, na hiyo ndiyo goshi, ambayo wengine huiita joshi. Pembe ya chini ya nyuma haifungwi mahali pamoja. Inaning'inia huru, na kinachoizuia isipeperuke kama bendera ni kamba moja tu inayotoka kwenye pembe hiyo na kurudi nyuma, karibu na tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, mikononi mwa mtu. Kamba hiyo ndiyo demani.

Tanga letu halina mti wa chini wa kulinyoosha, kwa hiyo demani hubeba kazi yote ya kuamua tanga likae vipi mbele ya upepo. Ukiivuta, tanga hukaribia ubavu wa chombo na kukaza, na chombo huweza kuelekea kule upepo unakotoka kwa kadiri kinavyoweza. Ukiilegeza, tanga hufunguka nje, likachukua upepo unaotoka nyuma au ubavuni. Ukiiachia kabisa, tanga hupiga kofi hewani na nguvu yote ya upepo humwagika papo hapo. Hilo la mwisho ndilo linalookoa watu.

Nimekulia Pangani, na nilipokuwa na umri wa miaka 12 babu yangu aliniweka kwenye demani ya mashua yake. Kanuni yake ilikuwa moja: demani huzungushwa mara moja kwenye kigingi, na ncha yake hushikwa mkononi, haifungwi fundo hata kama mikono inatoka damu. Siku moja ya kusi, ule upepo wa kusini, tukirudi kutoka upande wa kisiwa cha Maziwe, viganja vyangu vilikuwa vimechubuka, nami nikafunga fundo bila kumwambia. Upepo ulikuja kwa mkupuo mmoja kutoka nyuma ya wingu. Mashua ililala, maji yakaingia juu ya ubavu, na mimi nikawa navuta fundo lililokwisha kukazwa na uzito wa tanga zima. Babu aliiacha kana, yaani mkono wa usukani, akapiga hatua mbili na kuikata demani kwa kisu cha samaki. Chombo kiliinuka. Hakunigombeza. Jioni aliziunga zile ncha mbili, uzi kwa uzi, akanirudishia kamba ileile kesho yake, na kwa miaka miwili kila nilipoivuta mkono wangu ulipita juu ya ile sehemu nene.

Ndiyo maana agizo la «legeza shuka» liliniuma. Kijana aliye katika hali ile angetafuta shuka gani?

Mchangiaji, mfasiri:

Shukrani kwa mada nzuri. Mimi hufanya kazi ya tafsiri na nakiri kwamba kosa kama hilo ningeweza kulifanya, kwa sababu kamusi za lugha mbili tunazozitegemea mara nyingi hutoa maana za nchi kavu peke yake. Hata hivyo nina swali. Vijana wengi wa leo wamezoea boti za mashine na hawajawahi kulisikia neno demani. Je, si bora tuandike «kamba ya tanga», ambayo kila mtu ataielewa bila kufundishwa?

Mleta uzi:

Ndugu mfasiri, swali lako ni la haki. Tatizo ni kwamba karibu kila kamba iliyomo chomboni ni kamba ya tanga. Henza ni kamba nene inayopita juu ya mlingoti na kuipandisha foromali pamoja na tanga lake. Jarari ni kamba zinazopita kwenye gofia, yaani kapi ya kupitishia kamba, ili kuipunguzia henza uzito wakati wa kutweka. Dasi ni kamba iliyoshonewa kwenye pindo la tanga lenyewe ili kitambaa kisichanike. Zipo pia zinazoshikilia goshi, na zinazoituliza foromali isiyumbe.

Sasa fikiria nahodha anapiga kelele katikati ya dhoruba: «Achia kamba ya tanga!» Baharia mgeni akiachia henza badala ya demani, foromali itashuka juu ya vichwa vya watu pamoja na tanga lililojaa upepo. Mti huo katika jahazi kubwa huwa mrefu kuliko mlingoti wenyewe, na huundwa kwa miti zaidi ya mmoja iliyofungwa pamoja. Majina haya yalitengana kwa sababu kazi zake zimetengana, na amri ya baharini haina nafasi ya maelezo. Kijana anayefundishwa kuwasha mashine hujifunza majina ya plagi, kabureta na propela kwa siku moja. Hawezi kushindwa na demani.

Naongeza jambo moja kuhusu kamba yenyewe. Zamani demani ilisokotwa kwa makumbi ya nazi, yaliyofukiwa ufukweni kwa miezi mingi hadi nyama yake ikaoza, kisha yakapondwa na kusokotwa. Kazi hiyo bado inafanywa na kina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja, katika vijiji kama Paje na Jambiani. Kamba ya makumbi huelea, huvumilia chumvi, na hujinyoosha kidogo inapovutwa, jambo linaloifaa sana demani, ambayo hupokea mishtuko ya upepo mchana kutwa. Baadaye ilikuja katani, kisha nailoni. Nailoni ina nguvu zaidi na haiozi, lakini ikilowa huteleza mkononi, na ninaamini kwamba mtelezo huo ndio unaowashawishi vijana wengi kufunga fundo.

Mchangiaji kutoka Lamu:

Ndugu yangu wa Pangani, umenikumbusha mbali. Baba yangu alikuwa baharia wa majahazi yaliyobeba boriti za mikoko na makuti. Naomba niongeze kuhusu demani wakati wa kupindua chombo, yaani kukigeuza njia, kwa sababu hapo ndipo mtu hutambua kwa nini kamba hii imezaa msamiati mpana kuliko nyingine zote.

Tanga la jahazi hukaa upande wa mlingoti ulio mbali na upepo. Nahodha anapotaka kubadilisha njia ili upepo upokewe kwa ubavu wa pili, hawezi kuligeuza tanga kirahisi, kwa kuwa litaulalia mlingoti na kukibana chombo. Kwa hiyo majahazi makubwa hupinduliwa kwa kukipa upepo tezi. Msukani hukigeuza chombo polepole hadi upepo utoke nyuma kabisa. Hapo demani huachiwa, na tanga zima huruka mbele ya mlingoti kama kitambaa kilichotundikwa. Mabaharia huivuta ncha ya chini ya foromali kuelekea mlingoti mpaka mti usimame karibu wima. Kisha mmoja wao, ambaye kwa desturi alikuwa mwepesi kuliko wote, huichukua demani na kuizungusha mbele ya mlingoti, nje ya kamba zote nyingine, hadi ubavu wa pili. Foromali huteremshwa tena mshazari upande mpya, goshi hufungwa, na watu wote hukimbilia demani kuivuta kwa wimbo, maana upepo ukishalijaza tanga kabla demani haijakazwa, hakuna mikono itakayoweza kulirudisha.

Baba alikuwa akisema kwamba baharia hupimwa siku ya kupindua, si siku ya upepo mwema.

Wazee wetu walitofautisha aina mbili za kupindua. Kupindua kwa goshi, au kwa joshi, ni pale omo inapopita kwenye upepo. Kupindua kwa demani ni pale tezi inapopita, kama nilivyoeleza hapo juu. Katika kamusi za zamani utalikuta umbo la «damalini», nalo linamaanisha jambo lilelile.

Mchangiaji, mwanafunzi wa chuo:

Mimi ni mtu wa bara, nimekulia Dodoma, na neno demani nililifahamu kama jina la majira tu, lile la baada ya kipupwe. Leo naambiwa ni kamba, tena naona linatumika kama upande wa chombo. Je, ni neno moja lenye maana tatu, au ni maneno matatu yaliyofanana? Pia naomba ufafanuzi wa methali «Dau la mnyonge haliendi joshi», kwa kuwa tulifundishwa maana yake ya jumla bila kuelezwa joshi ni nini.

Mleta uzi:

Mwanafunzi, maswali yako yote mawili yanagusa kiini cha uzi huu, kwa hiyo nitayajibu kwa urefu.

Maana ya upande wa chombo imetokana moja kwa moja na kamba, na njia yake inaonekana kwa macho. Chombo kinapokwenda, goshi la tanga hufungwa mbele, kuelekea kule upepo unakotoka, na demani huvutwa nyuma, upande ule upepo unakoelekea. Kwa hiyo baharia aliyesema «goshini» au «joshini» alimaanisha upande wa upepo, na aliyesema «demani» alimaanisha upande wa pili, ulio kivulini mwa upepo. Pande hizi hazilingani na kulia na kushoto. Hubadilika kila chombo kinapopinduliwa. Maji machafu na majivu ya jikoni humwagwa demani, kwa sababu ukiyamwaga joshini yatakurudia usoni. Mgonjwa wa bahari hupelekwa demani kwa sababu hiyohiyo. Waingereza nao walipita njia hii: jina lao la pembe ya mbele ya tanga, «tack», ndilo lililozaa kitenzi chao cha kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kukata kona kushoto na kulia.

Asili ya maneno haya inathibitisha kwamba kamba na pembe zilitangulia. Kwa Kiajemi, «daman» ni pindo la vazi, ule upande wa chini unaoning'inia, na «gosha» ni pembe au kona. Mtu aliyelitazama tanga kama vazi aliiona pembe ya nyuma kuwa ni pindo linalopeperuka. Mabaharia wa Kihindi waliofanya kazi katika meli za Waingereza nao waliiita kamba hii «daman» katika lugha yao ya kazini. Jambo hili halinishangazi, kwani nahodha na bandari nayo ni maneno yenye asili ya Kiajemi, na yote yalizunguka bahari moja pamoja na shehena. Neno kuwa na asili ya mbali hakulifanyi kuwa la mgeni. Limekaa kwetu kwa karne nyingi, limepata maana ambazo Kiajemi hakina, na ni letu kama nahodha alivyo wetu.

Kuhusu majira, nitasema kwa tahadhari. Demani ni kipindi cha kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Novemba, wakati kusi inapokuwa imepungua makali, kabla kaskazi haijaanza kuvuma mwezi wa Desemba. Wapo wanaoliita demani kipindi chote cha kusi tangu Aprili, lakini wazee niliowasikia walilitumia kwa ule upepo laini wa mwisho. Kwa wafanyabiashara wa zamani kipindi hiki kilikuwa na uzito mkubwa. Vyombo vya Arabuni, Ghuba na Uhindi vilishuka na kaskazi, kisha vilihitaji kusi ili virudi kwao. Lakini mwezi wa Juni na Julai kusi huwa imekaza mno, na bandari za pwani ya magharibi ya Uhindi zilikuwa kama zimefungwa kwa mawimbi. Nahodha aliyechelewa kuondoka Unguja au Mombasa kabla ya bahari kuchafuka alilazimika kusubiri demani, akilipia chakula cha mabaharia wake kwa miezi kadhaa.

Je, majira hayo yameitwa kwa jina la kamba? Nimesikia watu wakieleza kwamba wakati huo demani hulegezwa kwa sababu upepo ni mwema. Maelezo hayo yanapendeza, lakini mimi siyakubali kuwa hoja, kwa kuwa kufanana kwa sauti si ushahidi. Tungekwenda kwa njia hiyo, tungesema kwamba matanga ya msiba yametokana na matanga ya vyombo. Kamba na upande wa chombo ni neno moja bila shaka yoyote. Majira nayaacha yasimame peke yake.

Sasa methali. Kwa ukamilifu wake wengi husema: «Dau la mnyonge haliendi joshi, likienda joshi huenda Mungu kupenda.» Kwenda joshi ni kukielekeza chombo karibu na upepo kadiri kinavyoweza, demani ikiwa imekazwa kabisa. Ni mwendo unaodai vitu vingi kwa pamoja: tanga zima lisilovuja upepo, kamba isiyokatika, mlingoti imara, na mikono ya kutosha. Chombo chenye tanga lililochakaa, kikijaribu kwenda joshi, huonekana kama kinakwenda mbele, kumbe kinasogezwa pembeni na maji, kikifika jioni palepale kilipoanzia asubuhi. Dau la zamani, lililotumia tanga la kusukwa kwa miyaa, lilikuwa dhaifu zaidi katika mwendo huu. Walimu wetu hufundisha kwamba methali hii inasema mambo ya maskini hayaendi vizuri. Maana hiyo ni sahihi, ila imepungua. Methali inataja sababu: mnyonge hakosi juhudi, anakosa vifaa vya kumwezesha kwenda kinyume cha upepo, huku tajiri akipita njia ileile kwa tanga jipya la turubai.

Mchangiaji kutoka Lamu:

Umesema kweli kuhusu kusogezwa pembeni. Sisi tulipokuwa watoto tulifundishwa kuutazama mkondo wa maji nyuma ya tezi. Ukinyooka nyuma ya chombo, unakwenda; ukiinama kuelekea joshini, chombo kinapoteza njia kwa demani. Hapo wazee walikuwa wakiagiza demani ilegezwe kidogo na omo ipewe nafasi ya kushuka, kwa sababu chombo kilichobanwa sana hupoteza mwendo, na chombo kisicho na mwendo hakishiki maji. Vijana hudhani kwamba kadiri demani inavyokazwa ndivyo chombo kinavyokwenda joshi zaidi. Sivyo. Katika mashindano ya majahazi hapa kwetu, nimeona mara nyingi aliyekaza mno akipitwa na aliyemwachia upepo pumzi.

Mchangiaji, mfasiri:

Nimeshawishika, na nimejifunza mengi. Naomba msaada wa mwisho wa kazi: ikiwa ndio ukurasa ule unaosahihishwa, mngeuandikaje ili kijana asiyewahi kulisikia neno hili alipate hapohapo bila kurejea kamusi?

Mleta uzi:

Niliwarudishia wenye kijitabu maneno haya jana, nao wameyapokea. Mchangiaji wa Lamu anirekebishe panapostahili:

«Demani ni kamba inayoshika pembe ya chini ya nyuma ya tanga. Izungushe mara moja tu kwenye kigingi na uishike ncha yake mkononi; usiifunge fundo. Upepo ukichafuka ghafla, achia demani kwanza. Usiguse henza mpaka tanga limemwaga upepo na kila mtu ameondoka chini ya foromali. Kisha tua tanga.»

Mchangiaji kutoka Lamu:

Ongeza: kisu kiwe karibu na mshika demani, na makali yake yakaguliwe kabla ya kung'oa nanga.

Mleta uzi:

Nimeongeza.